Nataka kompyuta ya simuleta ya ndege, nina 2.5M, nipo Arusha. Kadi ya picha nimeshaiona, mengine naomba ushauri

Chalii wa Kisongo (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni.

Nakaa Kisongo, uwanja wa ndege wa Arusha nausikia kabla sijauona. Asubuhi Caravan, vile vindege vidogo vya abiria, vinapanda kimoja baada ya kingine kupeleka watalii Serengeti, na mimi nimesimama uani na mswaki mdomoni navihesabu. Ada ya urubani siiwezi leo wala kesho, kwa hiyo nimeamua nijirushe mwenyewe hapa sebuleni.

Nimedunduliza nimefikisha 2.5M. Kompyuta ninayo, Dell OptiPlex 7050, i7-7700, RAM GB 8, diski ngumu ya zamani ya kuzunguka, GB 500. Niliipata ofisi fulani walipouza vitu vyao chakavu. Mpango wangu niiwekee kadi kali. Kuna jamaa mjini anauza RTX 3070 ya mtumba kwa laki tisa. Itakayobaki ninunue monita ya 4K na joystiki. Gemu ni Microsoft Flight Simulator (MSFS), ile ya 2024, na ya 2020 siikatai.

Maswali mawili: 3070 itakaa kwenye hiyo OptiPlex? Na hiyo 4K nichukue inchi ngapi?

Natanguliza shukrani. Matusi hapana.

Nipo Nipo

Nimekaa pale kwenye kona nasubiri mafundi.

Fundi wa Kaloleni

Chalii, hela bado ipo mkononi? Kama ipo, tulia nayo kwanza.

Fungua mfuniko wa hiyo OptiPlex usome kibandiko cha pawa saplai. Kama ni mnara, lile boksi la kusimama, utakuta wati 240. RTX 3070 peke yake inakula wati 220. Halafu pawa saplai hiyo haina waya wa kulisha kadi, na ukisema uichomoe uweke ya kawaida utakutana na plagi ya Dell yenyewe, siyo ile ya pini 24 tuliyoizoea. Adapta zipo, nimeshazifunga kwa wateja, ila ukishaanza adapta ujue unajenga nyumba juu ya kibanda. Na kama yako ni ile nyembamba ya kulala, kadi haiingii hata kwa nyundo. Zinazokaa humo ni fupi za wati 75, mfano GTX 1650 ya kimo kifupi.

Lakini hata tukiilazimisha ikaingia, shida yako haitakuwa kadi. Nina mteja hapa, narudi usiku.

Meku wa Pasua

2.5M ya kuangalia mawingu. Meku si ununue ng'ombe wa maziwa.

Chalii wa Kisongo

Meku, ng'ombe haruki.

Fundi, hela ipo yote. Jamaa alitaka kianzio leo jioni nikamwambia kesho.

Mzee wa Sanawari

Vijana hamjambo. Nimeona niandike maana ugonjwa huu nimeanza kuugua na Flight Simulator ya 2004. FSX, toleo lililofuata, ilipotoka 2006 nilibadilisha kadi mara tatu, kila mara kubwa zaidi, na kila nikitua Heathrow picha inaenda kwa kukwama kama basi lenye dereva mwanafunzi. Hela ilikwenda, na akili ilikuja baadaye.

Gemu la mpira kazi yake kubwa ni kuchora, na kadi ndiyo mchoraji. Simuleta ya ndege kabla haijachora inapiga hesabu: hewa inapita vipi kwenye bawa, injini inakula kiasi gani, kila mita na kila skrini iliyo mbele ya rubani, ndege za wengine, hali ya hewa, ardhi inayopakiwa mbele yako. Sehemu kubwa ya hesabu hizo inapita kwenye uzi mmoja. Siyo uzi huu wa Chalii, uzi wa prosesa. Unaweza kuwa na viini 16, lakini kuna kimoja kinachosubiriwa na wenzake wote. Kadi yako ya laki tisa itakuwa imekaa kama bodaboda ya saa saba mchana.

Usiniamini mimi. Siku ukipata pa kujaribia, kwenye MSFS washa Developer Mode, ufungue kile kidirisha cha FPS, yaani fremu (picha) kwa sekunde. Kinakuandikia nani anakubana. Weka ndege ya abiria kwenye uwanja mkubwa uone kama hakitaandika MainThread, yaani ule uzi mmoja wa prosesa. Kikishaandika hivyo, hata ukileta kadi ya milioni kumi huongezewi fremu.

Chalii wa Kisongo

Shikamoo mzee. Sasa mbona yangu ni i7? Si ndiyo kubwa?

Fundi wa Kaloleni

Nimerudi.

Hiyo "7" ya mbele ndiyo inauza kompyuta chakavu mji huu. i7-7700 ni ya 2017, ina viini vinne. Ryzen 5 5600, prosesa ya AMD, inaitwa "5" lakini ni ya 2022, ina viini sita, na kiini kimoja kwa kimoja kinakiacha cha kwako mbali, na hicho kimoja ndicho mzee anachokisemea. Soma namba ya nyuma, ya mbele ni mapambo. Tena Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tangu 14 Oktoba 2025, na hiyo i7 yako haimo kwenye orodha ya Windows 11.

Iuze hiyo OptiPlex. Watu wa steshenari wanazipenda, kwa kuchapa na kutoa nakala haina tatizo lolote.

Mzee wa Sanawari

Naongezea jambo la keshi, kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa, hapo ndipo penye utamu.

Mfikirie mama lishe wawili. Mmoja chumvi, vitunguu, mafuta, vyote viko mezani. Wa pili kila akihitaji kitu anamtuma mtoto Soko Kuu. Wote wanajua kupika, ila wa pili wateja wake watasinzia. Meza ndiyo keshi ya prosesa, Soko Kuu ndiyo RAM. Simuleta inahitaji vitu vingi vidogo vidogo kwa wakati mmoja, kwa hiyo mwenye meza pana anashinda.

AMD walilitazama hilo wakabandika keshi nyingine juu ya ile iliyopo. Ryzen 7 5800X ya kawaida ina MB 32 za keshi hiyo, ile ya L3. Ndugu yake 5800X3D, ya 2022, ina 96. Kasi yake ya mapigo (GHz) ni ndogo kidogo kuliko ya 5800X, lakini kwenye simuleta inaiacha. Baadaye ikaja 7800X3D mwaka 2023, na 9800X3D Novemba 2024. Mwenye hela achukue hiyo ya mwisho asiulize mtu.

Fundi wa Kaloleni

Mzee umenena, ila 9800X3D inakaa kwenye madabodi za soketi ya AM5, na AM5 haikubali RAM nyingine zaidi ya DDR5. Bei za RAM zimepaa tangu mwishoni mwa 2025, chipu zinakimbilia kwenye mitambo ya akili mnemba, sisi tunagombania makombo. Kwa 2.5M utapata prosesa na madabodi, halafu utazitazama.

Mimi ningebaki soketi ya zamani, AM4. Madabodi ya B550, Ryzen 5 5600, RAM DDR4. Siku ukipata hela nyingine, unachomoa 5600 unaweka 5700X3D au 5800X3D kwenye sehemu ile ile, vingine vyote vinabaki. Zinatafutwa kwa tochi siku hizi lakini zipo.

RAM chukua vijiti viwili, siyo kimoja. Viwili vya 8 vinapiga kazi kuliko kimoja cha 16, kwa sababu data inapita njia mbili. Hakikisha madabodi ina sloti nne ili uje uongeze. Diski iwe SSD ya kasi, aina ya NVMe, ya TB 1, hapo hakuna mjadala.

Rau Angani

Habari zenu kaka zangu, mzee shikamoo. Mimi narusha nikiwa Moshi, mwaka wa tatu sasa. Nashangaa tumefika keshi na hakuna aliyemuuliza mleta uzi swali la kwanza.

Kaka, intaneti yako ni ya nini?

Chalii wa Kisongo

Ya simu dada. Naunga hotspot.

Rau Angani

Ndiyo nilikuwa naogopa.

Microsoft Flight Simulator dunia yake haikai kwenye diski yako. Picha za satelaiti na miinuko, petabaiti zaidi ya mbili, zipo kwenye seva zao, na wewe unavutiwa kipande unachoruka juu yake. Ndiyo maana ni nzuri vile, ukipanda kutoka KIA ukaitazama Kibo unaona barafu ilipokaa kwelikweli. Lakini ile ya 2020 inapendekeza intaneti ya kasi ya Mbps 20, na ya 2024 inapendekeza 50, kiwango cha juu 100. Ya 2024 ndiyo imejengwa juu ya intaneti zaidi, hata ndege na viwanja inavivuta unapocheza. Bila faiba unaangalia matope yenye rangi ya kijani.

Mimi mwenyewe nilianza kwa bando. Jioni ya kwanza nimeweka GB 10, nimechemsha na chai, nimekaa. Ikaniambia kuna apdeti ya lazima. Bando likaisha sijaona hata njia ya kurukia. Kosa ni langu, sikuangalia, lakini chai niliinywa kwa uchungu.

Sasa natumia X-Plane 12. Mandhari yake unaishusha mara moja, unaichagua kwa eneo, inakaa kwenye diski, basi. Unazima data unaruka hadi Mwanza. Milima ina umbo sahihi, ila nyumba na mashamba ni ya kubuni, usitegemee kuona paa la kwenu. Ukitaka picha halisi kuna programu ya bure inaitwa Ortho4XP, inatengeneza vipande vya picha za satelaiti unavihifadhi. Mimi cha Kilimanjaro na cha Meru nilivitengeneza kwa rafiki mwenye faiba, nikarudi navyo kwenye diski ya nje.

Chalii wa Kisongo

Dada asante. Yaani ningenunua kadi nikaja kukwama kwenye bando.

Kichwa Ngumu R

Naomba nipinge kidogo. Mnamkataza 3070 kwa nini? Hata akibadilisha hiyo kompyuta yote, 3070 inaishinda 3060 kwa nguvu, iko wazi.

Fundi wa Kaloleni

Kwa nguvu inaishinda, sibishi. Ila 3070 ina GB 8 za kumbukumbu, 3060 ile ya kawaida ina 12, na simuleta inapenda kujaza kumbukumbu ya kadi. Ikijaa, picha inaanza kugandaganda hata kama fremu ni nyingi. Halafu 3060 ni wati 170. Hizo wati 50 za tofauti utaziona kwenye UPS, ile betri ya akiba umeme ukikatika, nakuja huko. Kama jamaa atashusha bei ya 3070 hadi chini ya laki saba, aichukue, sitamgombeza.

4K sahau. Ni nukta milioni 8.3, mara nne ya 1080p. Chukua 1080p nzuri au 1440p. Na kwenye ndege usikimbizane na fremu 144 kama wacheza risasi, 35 zilizotulia zinatosha kabisa.

Kuhusu kununua kadi ya mtumba: usipokelee kadi barabarani. Ije dukani, ichomekwe, nione. Mwezi uliopita kijana kaniletea "GTX 1060" aliyoinunua mtandaoni, boksi jipya, stika inang'aa. Nimefungua GPU-Z, programu ya kutambua kadi, mbele ya jina imeandika FAKE kwa herufi kubwa. Ndani ni chipu ya zamani imepigwa BIOS, ile programu ya ndani ya kifaa, ya uongo. Alikaa kwenye stuli akaniomba maji. Ikishapita hapo, FurMark, programu ya kuikamua kadi, dakika 15, unatazama joto, unasikiliza feni. Angalia na skrubu, zikiwa na makovu ujue imeshafunguliwa, uliza kwa nini. Nyingi zilichimba sarafu za mtandaoni usiku na mchana, feni ndiyo hufa kwanza, na feni inabadilishika.

Nipo Nipo

Bado nipo. Leteni UPS.

Fundi wa Kaloleni

Haya.

Kabla ya UPS, pawa saplai. Ukinunua mnara wa mtumba uliotoka Marekani, geuza nyuma utazame kama kuna swichi ndogo nyekundu. Kama inasoma 115 na wewe unachomeka kwenye 230 yetu, mlipuko wake utasikika hadi Ngarenaro. Mimi nilisahau kuitazama mara moja, mwaka wangu wa pili wa kazi, mteja amesimama pembeni yangu. Paa! Moshi mweupe, harufu ya samaki aliyeoza, na ukimya. Nilimlipa yule mama kwa awamu tatu. Nunua yenye nembo ya ubora ya 80 Plus, wati 550 au 650, isiyo na swichi hiyo kabisa, inajirekebisha yenyewe. Hizo hustahimili hata jioni umeme unapolegea.

UPS: kilichoandikwa kwa herufi kubwa ni VA, siyo wati. Ya 650VA nyingi hubeba wati 360 hivi. Kompyuta yako na 5600 na 3060 na monita itakuwa kwenye 300 unapokuwa angani. Itabeba, lakini betri yake ni ya volti 12 na Ah 7, itakupa dakika chache tu, na ukiweka 3070 inaweza kulia na kuzima hapo hapo. Chukua ya 1200VA. Zile za bei nafuu hutoa umeme wa mawimbi ya ngazi ngazi, na kuna pawa saplai nzuri ambazo hazielewani nao, zinajizima. Kwa hiyo ijaribu dukani: washa gemu, chomoa UPS ukutani, hesabu hadi thelathini. Muuzaji akikataa, ondoka.

Na USIFANYE apdeti ya BIOS bila UPS. Ukinunua B450 ya zamani italazimu ipigwe BIOS mpya ndipo itambue 5600. Umeme ukikatika katikati ya hapo, umenunua sahani ya kuwekea maandazi.

Meku wa Pasua

Na LUKU je? Maana hamtaji.

Mzee wa Sanawari

Wati 300 kwa saa tatu ni kama uniti moja. Kwa wengi wetu ni shilingi 350 na ushee. Soda ni ghali zaidi, Meku.

Rau Angani

Kitu kimoja cha mwisho kutoka kwangu. Kaka, kabla hujanunua chochote, nunua joystiki. Logitech Extreme 3D Pro inatosha, ukiizungusha mpini inafanya kazi ya pedali. Ichomeke kwenye hiyo OptiPlex yako, weka FlightGear, ni ya bure kabisa. Picha zake si za kusifia, ila utajua ndani ya wiki mbili kama unapenda kuruka au unapenda tu kuzitazama zikiruka.

Chalii wa Kisongo

Hilo nalifanya kesho.

*(wiki saba baadaye)*

Chalii wa Kisongo

Wakuu nimerudi, nisiwe mtu wa kuomba ushauri na kupotea.

FlightGear niliicheza siku kumi na saba, mke akaanza kuniita kapteni kwa kejeli. Nikauza OptiPlex kwa mwenye steshenari, kama Fundi alivyosema. Nimechukua 5600, B550 yenye sloti nne, RAM vijiti viwili vya 8, NVMe ya TB 1, 3060 ya GB 12 ya mtumba iliyopita kwa Fundi kwanza (feni moja ilikuwa inakwaruza, tukapunguziwa elfu themanini), pawa saplai ya 650 na UPS 1200VA. Vingine vimetoka Kariakoo, vimekuja na basi la usiku, nilivipokea stendi saa kumi na moja alfajiri nikavipakata kama mtoto hadi nyumbani. Monita nimebaki na ya 1080p ya shemeji. Imebaki laki moja na kidogo, nimeificha kwa ajili ya X3D.

Nimeweka X-Plane 12. Nipo kwenye fremu 41 hapa Arusha, imetulia. Vumbi la kiangazi limeanza, kila Jumapili nasafisha chujio la mbele.

Ila nina tatizo, Fundi nisaidie. Nimeichukua Cessna 172, nimejaza mafuta na abiria watatu, nimeweka saa saba mchana, nikakanyaga hapa hapa Kisongo. Ndege inakimbia, inakimbia, njia inakaribia kwisha ndiyo inanyanyuka, halafu haipandi. Inazembea juu ya mahindi. Nimeshagonga miti mara nne. Nikienda KIA inapanda kidogo afadhali. Ni prosesa hiyo? Niongeze RAM?

Fundi wa Kaloleni

Fremu 41 halafu unasema prosesa? Hapo sijui. Mzee njoo.

Mzee wa Sanawari

Kompyuta yako ni nzima, mwanangu. Uwanja wa Arusha uko futi 4,550 juu ya usawa wa bahari, KIA iko 2,932. Hewa ya Kisongo ni nyepesi, na saa saba jua likiwaka inakuwa nyepesi zaidi. Injini inakosa hewa, bawa linakosa hewa, na wewe umepakia abiria watatu na tangi limejaa. Caravan unazozihesabu na mswaki zina injini ya turboprop, siyo ya pistoni kama Cessna yako, kwa hiyo usijilinganishe nazo.

Shusha abiria wawili, acha nusu tangi, weka saa moja asubuhi. Halafu kile kitufe chekundu cha mchanganyiko wa mafuta umekisukuma hadi mwisho?

Chalii wa Kisongo

Hadi mwisho mzee. Nilidhani ndiyo nguvu zote.

Mzee wa Sanawari

Hapo ulipo injini inazama kwenye petroli. Kabla ya kuachia breki, sukuma nguvu zote, halafu kivute kitufe polepole huku unatazama mizunguko. Itapanda, itapanda, ikianza kushuka rudisha kidogo mbele. Ndipo uachie.

Chalii wa Kisongo

Dakika tano.

Nipo Nipo

Tupo.

Chalii wa Kisongo

Imepanda. Naiona Meru kulia.